Kuni Zilizoendesha Motokari



Wakati mmoja wa mvua tuliitwa usiku katika kijiji cha milimani, si mbali na kapela tunapofundisha katekisimu. Baridi ilikuwa kali. Mama mmoja alikuwa ameingiza mbabula chumbani ili watoto wapate joto. Makala yalikuwa yamekwisha kushika vizuri, mekundu, bila moshi hata kidogo, naye akadhani hatari imekwisha. Akafunga mlango na dirisha, akalala na watoto wake watatu. Kwa neema ya Mungu bibi yao, aliyelala chumba cha pili, akasikia mtoto akikoroma vibaya. Akaita, hakuna aliyeitika. Akapiga kelele, majirani wakaja, wakawavuta wote nje kwenye hewa. Walitapika, vichwa viliwauma siku mbili, lakini walipona.

Basi, asubuhi maneno yakaanza. Watu wakasema: Moshi haukuwapo, chakula kilikuwa kizuri, na watu wanne wamelegea kwa saa moja. Ni nani aliyewaloga? Na kabla ya jua kupanda, jina la mjane mmoja mzee, jirani yao, lilikuwa limekwisha kutajwa.

Tulipofika barazani tuliona kwamba kusema tu “Wakristu, acheni mambo hayo” hakutoshi. Mtu akiogopa kitu asichokiona, ni lazima aonyeshwe kitu hicho ni nini. Kitu kile kisichoonekana kina historia ndefu. Kimeua watu wengi, tena kimeendesha motokari na kamio kwa maelfu na maelfu. Leo tunataka kuwasimulia habari yake.

1. Mtu aliyeipa gazi jina

Katika mji wa Bruxelles, nchi ya Ubelgiji, aliishi mganga mmoja, jina lake Jan Baptist van Helmont, aliyekufa mwaka 1644. Alipenda kupima vitu vyote kwa mizani. Siku moja alipima ratili 62 za makala ya mti wa mwaloni, akayachoma mpaka yakaisha. Majivu yaliyobaki yalikuwa ratili 1 tu. Akajiuliza: Zile ratili 61 zimekwenda wapi?

Watu wengine wangalisema, zimepotea. Yeye akasema, hapana, zimegeuka kuwa kitu kisichoonekana, ambacho hakiwezi kushikwa kwa mkono. Kitu hicho hakikuwa na jina, akakiita “gas”, akilifuata neno la Kiyunani “chaos”, maana yake vurugu isiyo na umbo. Neno lile ndilo tunalotumia sisi hata leo tunaposema gazi. Tena van Helmont mwenyewe alipatwa na sumu ya makala katika chumba kilichofungwa wakati wa baridi, karibu afe. Hivyo mtu aliyetupa jina la gazi alikuwa ndugu wa yule mama wa kijiji chetu katika shida ile ile.

2. Kutoka Leuven mpaka Paris

Miaka mia na zaidi ilipita. Katika Chuo Kikuu cha Leuven alikuwako mwalimu Jan Pieter Minckelers. Mwaka 1783 alitafuta gazi nyepesi ya kupandisha puto hewani. Alitia makaa ya mawe katika chombo cha chuma kilichofungwa, akakipasha moto kwa nje, akaona gazi inatoka, nayo inawaka. Husemwa kwamba aliwasha taa ya gazi hiyo katika chumba alichofundishia wanafunzi wake.

Huko Ufaransa Philippe Lebon, aliyezaliwa mwaka 1767, alifanya vile vile kwa kuni. Mwaka 1799 serikali ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake, taa aliyoiita “thermolampe”. Mwaka 1801 aliwaonyesha watu wa Paris nyumba na bustani zilizoangazwa na kupashwa joto kwa gazi ya kuni. Watu wakastaajabu, lakini harufu ilikuwa mbaya. Lebon alikufa mwaka 1804, kabla hajaona faida ya kazi yake.

Angalieni vizuri jambo hili. Minckelers na Lebon walipasha moto kitu ndani ya chombo kisichoingiza hewa. Kwa njia hiyo kuni hazichomwi, zinapikwa. Zinatoa maji, mvuke, lami nyeusi na gazi kidogo, na makala yanabaki chini. Wachoma makala wetu wanafanya karibu hivyo hivyo wanapofunika kuni kwa majani na udongo. Kama wangaliweza kushika kile kinachopaa juu ya tanuri, wangalipata gazi na lami ya Lebon.

Mwaka 1839 Mjerumani mmoja, jina lake Bischof, alijenga tanuri la namna nyingine. Hakulifunga kabisa, aliingiza hewa, lakini kidogo tu, isiyotosha kuunguza kila kitu. Hapo makala yenyewe nayo yaligeuka gazi, na yakabaki majivu tu. Mwaka 1861 jamaa ya Siemens waliitengeneza njia hiyo vizuri zaidi, na viwanda vya kioo na vya chuma vikaitumia. Toka hapo kazi ikawa moja: kujua ni hewa kiasi gani, moto kiasi gani, na kuni za namna gani.

3. Mambo manne yanayoamua

Kuni ni zile zile, lakini matunda yake si yale yale. Mpishi mbaya na mpishi mwema wanapewa unga mmoja, mmoja anatoa ugali, wa pili anatoa uji wenye mabonge. Gazi ya kuni nayo ina upishi wake. Wataalamu walijifunza mambo manne, na kila moja walijifunza kwa kushindwa kwanza.

Jambo la kwanza ni hewa. Kuchoma kilo 1 ya kuni kavu mpaka mwisho kunataka hewa kama kilo 6. Mtu akitaka gazi, atoe robo tu ya hewa hiyo, au zaidi kidogo. Hewa ikizidi, kila kitu kinaungua humo humo, na gazi inayotoka haiwaki tena, maana imekwisha kuwaka. Hewa ikipungua mno, moto unapoa, na lami inajaa.

Jambo la pili ni joto. Ndani ya tanuri jema, mahali hewa inapoingia, joto hupita digrii 1,000. Hapo mvuke na lami huungua, na hewa iliyoungua hupita katikati ya makala mekundu. Makala yale hufanya kazi ya ajabu: yanainyang’anya ile hewa iliyoungua sehemu ya oksijeni yake, yanaigeuza tena kuwa gazi inayoweza kuwaka. Maji yaliyo katika mvuke nayo yanavunjwa, yanatoa hidrojeni. Lakini kazi hiyo inakula joto. Makala yakipoa chini ya digrii 800 hivi, kazi inakuwa ya uvivu, na lami inapita bila kuvunjwa.

Jambo la tatu ni maji. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mtu akiutia katika tanuri, moto unatumia nguvu zake zote kukausha, haubaki na nguvu ya kutoa gazi. Kuni njema zisiwe na maji kupita sehemu 20 katika 100. Mama zetu wanajua jambo hili tangu zamani, wala hawakufundishwa na mtaalamu.

Jambo la nne ni ukubwa wa vipande. Vipande vikubwa vinakwama juu, vinaacha pango chini, na hewa inapita bure. Unga wa mbao na maganda madogo vinaziba njia, hewa haipiti. Kwa motokari walikata vipande vidogo vya kushikika mkononi, sawasawa vyote.

Na gazi yenyewe ni nini? Katika sehemu 100 za gazi ya kuni iliyopikwa vizuri kwa hewa, kama sehemu 50 ni azoti, ambayo haisaidii kitu, imekuja na hewa tu. Sehemu kama 20 ni ile gazi iitwayo monoksidi ya kaboni, na karibu 18 ni hidrojeni. Iliyobaki ni hewa iliyoungua na metani kidogo. Hivyo ni gazi dhaifu. Lakini inawaka, na motere inaikubali.

4. Imbert na vita

Mtu aliyeifanya gazi ya kuni ipande juu ya motokari alikuwa Georges Imbert, mtu wa Alsace, aliyezaliwa mwaka 1884 na kufa mwaka 1950. Matanuri mengi ya zamani yalivuta gazi kwenda juu. Kwa hiyo lami iliyotoka katika kuni za juu ilikwenda pamoja na gazi bila kuonja moto mkali, ikaingia katika motere, ikashikamanisha vyuma kama ulimbo wa kutegea ndege. Katika miaka ya 1920 Imbert alitumia njia ya kuigeuza safari: gazi ivutwe kwenda chini. Kuni zinakaa juu katika pipa la chuma, hewa inaingia katikati kwa midomo midogo, na chini yake kuna koo jembamba lililojaa makala mekundu. Lami yote inalazimishwa kupita katika koo lile la moto, na humo inavunjwavunjwa. Kisha gazi inapozwa, inachujwa majivu, inachanganywa na hewa, inaingia katika motere. Chombo hiki ndicho Wafaransa wanachokiita “gazogène”, nasi tutakiita gazojeni.

Esanse ilipokuwa rahisi, watu wachache walikitaka. Lakini mwezi wa Septemba mwaka 1939 vita ilianza. Mwezi wa Aprili mwaka 1940 Wajerumani walizivamia Denmark na Norveji, na mwezi wa Juni Ufaransa ikaanguka. Esanse yote iliyopatikana ilikwenda kwa askari. Madaktari, wauza maziwa, wenye mabasi na wenye kamio wakabaki mikono mitupu.

Nchi ya Sweden haikuingia vitani, lakini meli za mafuta hazikuweza kufika tena. Nchi ile ina misitu mingi. Mwanzoni mwa vita motokari zake za gazi hazikuwa nyingi. Mwaka 1942 zilikuwa zimepita 70,000. Ujerumani yenyewe ilikuwa na karibu 500,000 mwisho wa vita. Wanaohesabu motokari zote za Ulaya zilizotembea kwa gazi ya kuni na makala wakati ule wanataja kama milioni 1.

Kazi ya shofere ilibadilika kabisa. Aliamka mapema kutoa majivu, kujaza kuni, kuwasha moto na kupuliza mpaka gazi iwake. Ndipo motere ilipokubali. Kilo 2 na nusu au 3 za kuni zilifanya kazi ya litre 1 ya esanse. Nguvu ya motere ilipungua kwa theluthi, pengine kwa nusu, na mlimani abiria walishuka. Shofere aliyetumia kuni mbichi alilala njiani. Tena kulikuwa na ajabu moja: shofere aliyekwenda polepole mno, au aliyesimama muda mrefu motere ikinguruma, alijiletea hasara kuliko aliyefanya kazi kwa nguvu. Maana motere isipovuta, hewa inapungua, koo la tanuri linapoa, na lami inapita. Chombo kile kilipenda kazi, uvivu ulikiharibu.

Wengi walipenda kutumia makala kuliko kuni, kwa sababu makala yamekwisha kutolewa lami msituni, na motere inabaki safi. Lakini kutengeneza makala kunapoteza sehemu kubwa ya nguvu za mti, nazo zinapaa na moshi. Kwa hiyo kwa kamio na mabasi watu wenye akili walirudi kwenye kuni zilizokatwa na kukaushwa.

Na sumu? Sumu ilikuwapo. Ile monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu. Miaka themanini na zaidi kabla ya vita hiyo, katika miaka ya 1850, mtaalamu Mfaransa Claude Bernard alikuwa ameonyesha jinsi inavyoua: inakaa katika damu mahali pa oksijeni, wala haitoki upesi. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili wake unasongwa kwa ndani. Huko Sweden watu wengi walipata ugonjwa huo kwa kuwasha gazojeni ndani ya nyumba ya motokari, na wengine walikufa. Hivyo mashofere walionywa: Moto uwashwe nje.

5. Baada ya vita

Vita ilipokwisha mwaka 1945 esanse ilirudi, na baada ya miaka michache karibu gazojeni zote zilitupwa. Hakuna aliyependa kutoa majivu asubuhi. Lakini kila mara mafuta yalipopanda bei, kama mwaka 1973, watu walizikumbuka. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashirika makubwa yalizipeleka katika nchi nyingi maskini ili zitoe umeme vijijini. Nyingi zilisimama baada ya muda mfupi. Sababu hazikuwa mpya: kuni zenye maji, vipande visivyo sawa, lami katika motere, na hakuna mtu aliyefundishwa vizuri wala kulipwa ili aangalie moto. Chombo kililetwa, lakini yale mambo manne hayakuletwa pamoja nacho.

Penye uangalizi, kazi ilikwenda. Huko Bihar, nchi ya Uhindi, toka mwaka 2007 vijana waliwasha taa za vijiji kwa gazi ya maganda ya mpunga, ambayo watu waliyatupa. Huko Güssing, mji mdogo wa Austria, mtambo mkubwa ulioanza mwaka 2001 ulitumia mvuke mahali pa hewa, hivyo azoti haikuingia na gazi ikawa na nguvu zaidi. Ulifanya kazi yake miaka mingi, ukafungwa mwaka 2016, kwa kuwa gharama ilishinda faida. Kwa hiyo tusidanganyane: gazi ya kuni si muujiza. Ni kazi ya mikono yenye masharti.

Faida iliyo karibu zaidi nasi ni ya jikoni. Katika miaka ya 1980 Thomas Reed wa Marekani na Paal Wendelbo wa Norveji, kila mtu kwa njia yake, walitengeneza jiko dogo la chuma linalowashwa kutoka juu. Hewa kidogo inaingia chini na kutoa gazi katika kuni. Hewa nyingine inaingia juu na kuichoma gazi ile chini ya sufuria. Moshi ni mchache, na chini yanabaki makala. Majiko ya Wendelbo yalitumika hata Uganda, kwa wakimbizi. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa mashariki ya Congo. Tanuri la udongo linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya makala, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya makala ya Goma imetoka katika misitu ya Virunga, ambako walinzi wengi wameuawa wakiulinda msitu. Kila gunia la makala lina bei ya sokoni, na lina bei nyingine isiyotajwa sokoni.

6. Mbabula ni gazojeni

Sasa turudi kwenye kile kijiji cha milimani. Asubuhi ile tuliomba mbabula ile ile iletwe nje, barazani. Tukaijaza makala mpaka juu, tukaiwasha. Moshi ulipokwisha na makala kuwa mekundu, tukaifunika kwa kivuli cha nguo ili jua lisizuie macho, tukawaambia watu waangalie juu ya makala. Wakaona mwali mdogo wa buluu unachezacheza.

Tukawaambia: Huo mwali ni gazi inayowaka. Chini, hewa inaingia na kuunguza makala. Katikati, hewa iliyoungua inapita katika makala mekundu na kugeuzwa kuwa gazi, kama katika tanuri la Imbert. Juu, ikipata hewa ya kutosha na moto, inawaka buluu na kwisha. Lakini katika chumba kilichofungwa hewa ya kutosha inakosekana, na mwali unazimika huku na huku. Gazi inapaa bila kuwaka, inawaingia waliolala. Moshi ni rafiki mkali, unakuchoma macho ili ukimbie. Gazi hii haikuambii neno. Mbabula isiyo na moshi ndiyo ya kuogopwa usiku.

Mzee mmoja akauliza: “Katekista, mbona sisi tumelala na mbabula miaka mingi bila kufa?” Tukamjibu: “Baba, nyumba zenu za zamani zilikuwa za nyasi, na hewa ilipita katika paa. Sasa mmeweka mabati na madirisha ya kioo. Nyumba imekuwa njema, lakini imekuwa pipa.” Akanyamaza, akatikisa kichwa.

Hatuwezi kusema kwamba wote waliamini. Wengine walikwenda zao wakinung’unika. Lakini yule mama aliyetaka kufa na watoto wake aliondoka, akavuka uwanja, akamsalimu mjane kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Toka siku ile hatukusikia tena jina lake likitajwa.

Basi, ndugu wasomaji, tushike mambo haya. Mbabula isilale chumbani na watu, hata usiku mmoja, hata kwa mgonjwa, hata kwa mtoto mchanga. Mtu akizidiwa, kwanza atolewe nje kwenye hewa, ndipo apelekwe kwa mganga wa hospitali. Na anayeingia kumtoa afungue mlango na dirisha upesi, asije akaanguka naye. Kuni zikaushwe kabla ya kupikia. Na tukisikia kwamba mtu ameanguka bila sababu inayoonekana, tutafute sababu kwanza, tusitafute jirani.

Mungu aliyempa mtu moto alimpa na akili ya kuuangalia. Van Helmont alipoona ratili 61 hazipo mbele yake hakusema zimeibiwa na mchawi; alikaa chini, akafikiri, akapata. Nasi tufanye vivyo hivyo.

Katekista wenu katika Kristu.